Kozi za bure mtandaoni: namna ya kuchagua moja, kuimaliza na kuifanyia kazi

Kwenye akaunti yangu ya masomo ya mtandaoni kuna orodha ya kozi kumi na nne. Nilizozimaliza ni mbili. Hizo nyingine nilijisajili usiku, hamasa imepanda, nikatazama video mbili tatu, nikajiambia nitaendelea kesho. Kesho hiyo sasa ina miaka.

Nilipata faraja kidogo nilipogundua kwamba ugonjwa huu si wangu peke yangu. Mwaka 2019 Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa kozi za Harvard na MIT, vyuo vya Marekani, zilizotolewa kwenye jukwaa la edX kuanzia 2012 hadi 2018. Zaidi ya nusu ya waliojisajili hawakuwahi hata kuingia kwenye masomo yenyewe. Katika mwaka wa masomo wa 2017 hadi 2018, waliomaliza walikuwa kama watatu tu katika kila mia. Ila ukiwatazama waliolipia cheti, waliomaliza walikuwa 46 katika kila mia. Video zilezile, mazoezi yaleyale.

Usikimbilie kusema dawa ni kulipa. Anayetoa pesa mara nyingi alishaamua kabla hajaitoa. Ninachokiona mimi ni hiki: shule ya kawaida, hata iliyo mbovu, humpa mwanafunzi mengi zaidi ya somo. Kuna kengele, kuna dawati, kuna jirani wa kumwibia kalamu, kuna mwalimu anayeuliza jana ulikuwa wapi, kuna mtihani wenye tarehe isiyosogezwa. Kozi ya bure imekuletea somo peke yake. Mengine yote umeachiwa uyajenge mwenyewe, na hakuna aliyekuambia. Mwongozo huu unahusu hayo mengine.

Kwanza ujue ni bure ya namna gani

Neno "bure" limebeba mizigo mitatu tofauti, na anayeichanganya huishia kukasirika.

Ya kwanza ni elimu huria kwa maana yake halisi. Mwaka 2001 chuo cha MIT kilitangaza kwamba kitaweka mtandaoni nyenzo za masomo yake bila malipo: mihadhara, mazoezi, mitihani ya zamani. Mwaka uliofuata UNESCO ikakutanisha wadau na kuzipa nyenzo za aina hiyo jina la nyenzo huria za elimu, na mwaka huohuo leseni za kwanza za Creative Commons zikatoka. Hapa huhitaji kujisajili, hupewi cheti, na hakuna mwalimu wa kukusahihishia. Unachopewa ni nyenzo pamoja na ruhusa ya kuzitumia. Ruhusa hiyo husomeka kwa herufi. BY ina maana umtaje mwandishi. SA, ukiibadilisha kazi uitoe kwa leseni ileile. NC, usiifanyie biashara. ND, usiisambaze ikiwa umeibadilisha, na kutafsiri nako huhesabika kuwa ni kubadilisha.

Ya pili ni kozi kubwa za majukwaa, zile zinazoitwa MOOC, yaani kozi huria za mtandaoni za watu wengi. Jina hilo lilibuniwa na Dave Cormier mwaka 2008, wakati George Siemens na Stephen Downes walipofungua kozi ya Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, kwa yeyote aliyetaka. Waliolipa ada walikuwa kama 25, na waliofuatilia bure walizidi 2,000. Mwaka 2011 kozi ya akili bandia ya Sebastian Thrun na Peter Norvig huko Stanford ikasajili watu wapatao 160,000, na mwaka uliofuata Coursera, Udacity na edX zote zikawa zimeingia uwanjani. Ahadi za wakati ule zilikuwa kubwa mno. Kisha wenye mitaji wakataka faida yao. Leo sehemu kubwa ya kozi hizo hukuruhusu kutazama, lakini mtihani, masahihisho na cheti vimefungwa nyuma ya malipo.

Ya tatu ni bure ya siku saba. Unaombwa namba ya kadi ya benki, unaambiwa hutakatwa chochote, na siku ya nane unakatwa. Jukwaa moja, ambalo sitalitaja, lilinikata mwezi mzima kwa kozi niliyoifungua mara moja. Siku hizi nikikubali jaribio la aina hiyo, naghairi usajili dakika ileile niliyojisajili. Mara nyingi masomo huendelea kufunguka hadi siku zako ziishe. Lisome sharti hilo kabla hujabonyeza.

Jambo jingine: usidhani kilichopo leo kitakuwepo mwakani. Mwaka 2021 Harvard na MIT waliiuza edX kwa kampuni ya 2U kwa dola milioni 800, na mwaka 2024 2U ikaomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya madeni. Kama kozi inakufaa na leseni inaruhusu, ipakue uwe nayo.

Hatua ya kwanza: anza na kazi, kozi itafuata

Kabla hujafungua jukwaa lolote, chukua karatasi uandike sentensi moja inayoanza hivi: "Baada ya wiki nane nataka niweze..." Kinachofuata lazima kiwe kitendo ambacho mtu mwingine anaweza kukiona kwa macho. "Nijue takwimu" haifai, maana hakuna atakayeweza kukukagua. "Niweze kuchukua jedwali la mauzo ya mwaka, nilisafishe na kuchora grafu tatu ninazoweza kuzitetea" inafaa. Sentensi hiyo ndiyo itakayokusaidia kukataa kozi, na kukataa ndiyo kazi kubwa, kwa sababu zilizopo ni maelfu na zote zimepambwa.

Ukishindwa kuiandika, bado uko kwenye hamu tu. Hamu si dhambi. Tazama video upendavyo, ila usijihesabie kwamba unasoma.

Hatua ya pili: kagua mazoezi kabla ya video

Wengi huchagua kozi kwa jina la chuo au kwa ucheshi wa mhadhiri. Mimi sasa naanza kwa kufungua mazoezi. Mwaka 2015 Kenneth Koedinger na wenzake walichunguza wanafunzi wa kozi moja ya mtandaoni ya saikolojia, wakakuta kwamba mchango wa kufanya mazoezi katika kujifunza ulikuwa kama mara sita ya ule wa kutazama video au kusoma kurasa. Kwa hiyo kozi yenye video nzuri na mazoezi yaliyofungwa haina thamani kubwa kwako. Afadhali kitabu huria chenye maswali na majibu nyuma.

Ukishaona mazoezi yanafunguka, tazama mengine haraka haraka: lini kozi ilihuishwa (kwa somo la programu miaka mitano ni mingi, kwa kalkulasi si kitu), inataka ujue nini kabla ya kuanza, na urefu wa video. Philip Guo na wenzake mwaka 2014 walipitia mara milioni 6.9 ambazo watu walitazama video za kozi, wakaona kwamba video isiyozidi dakika sita ndiyo inayoshika watu. Mhadhara wa saa nzima uliorekodiwa darasani unaweza kuwa na hazina ndani yake, ila jiandae kuukatakata mwenyewe.

Chagua kozi mbili, zipe saa moja kila moja, kisha uiache moja bila huruma. Kama hujui pa kuanzia, majina haya hayajaniangusha. Khan Academy ni kwa hisabati kuanzia chini kabisa. OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice ina vitabu vya kiada vya chuo, na freeCodeCamp hufundisha kutengeneza tovuti kwa vitendo. OpenLearn ya Open University ya Uingereza ina kozi fupi za kila aina. CS50 ya Harvard, inayofundishwa na David Malan, ni utangulizi wa sayansi ya kompyuta, na ni ngumu kuliko inavyoonekana. Barbara Oakley na Terrence Sejnowski nao wana kozi ya namna ya kujifunza, ambayo ingefaa itangulie zote.

Kizingiti cha lugha

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu miongozo mingi hupita kimya. Kozi nyingi ni za Kiingereza, tena cha haraka, chenye mizaha ya kwao. Msomaji wa Kiswahili hubeba mizigo miwili kwa mpigo: somo na lugha. Akichoka hudhani somo limemshinda, kumbe kilichomchosha ni kusikiliza.

Tenganisha mizigo hiyo. Majukwaa mengi huweka maandishi kamili ya kila video. Yasome kwanza, pigia mstari maneno usiyoyajua, yatafute, ndipo utazame video ukiwa umewasha manukuu na umepunguza kasi kidogo. Utashangaa jinsi mhadhiri yule aliyekuwa anakimbia anavyogeuka kuwa mtu wa kawaida. Kisha weka daftari la istilahi lenye safu tatu: neno la kigeni, maana yake kwa Kiswahili chako, na mfano mmoja uliotoka kichwani mwako. Usihangaike kutafuta neno sanifu. Kama huna, eleza kwa maneno matano.

Kipimo changu ni kimoja. Mwisho wa kila somo najieleza kwa Kiswahili kwa dakika mbili, kwa sauti, kana kwamba namweleza mdogo wangu. Nikijikuta nachomeka neno la Kiingereza kila mahali ninapokwama, najua pale sijaelewa, nimekariri tu. Hesabu na programu ni rahisi zaidi kwa sababu alama zake hazina lugha. Historia, sheria na falsafa ni ngumu zaidi, na kuzipa muda mara mbili si uzembe.

Hatua ya tatu: vifaa na bando

Saa moja ya video ya ubora wa kati hula takribani nusu GB. Ukishusha ubora, matumizi hupungua sana, na kwa mihadhara ambayo mtu anaongea tu hupotezi kitu. Maandishi na kurasa za PDF hazili chochote cha kutisha. Siku ukipata mtandao mzuri, pakua masomo ya wiki nzima kwa mkupuo, ili siku bando likikata lisikate na masomo. Kwa wasio na intaneti ya uhakika kuna Kiwix, inayokuwezesha kubeba Wikipedia kwenye simu, na Kolibri ya shirika la Learning Equality, inayosambaza masomo ya Khan Academy na mengineyo kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila mtandao.

Simu inatosha kusoma, kutazama na kujibu maswali ya kuchagua. Kuandika programu au insha ya kurasa kumi kwa kidole gumba ni adhabu. Kama kazi yako ni ya namna hiyo, tafuta kompyuta ya kuazima kwa saa chache kwa wiki, na upange mazoezi yote yaangukie saa hizo.

Hatua ya nne: funga muda

Chukua saa ambazo kozi inasema itahitaji kwa wiki, ziongeze nusu. Ikisema nne, weka sita. Zigawe katika vipindi vya dakika arobaini na tano hadi saa moja, na kila kipindi kibandike nyuma ya jambo unalolifanya tayari bila kukumbushwa. Andika tarehe ya mwisho na umwonyeshe mtu.

Utakosa vipindi. Ukikosa kimoja, usijaribu kukilipa kesho yake kwa kusoma mara mbili. Hapo ndipo watu wanapofia. Rudi kwenye kipindi kinachofuata kama kawaida na usogeze tarehe ya mwisho. Baada ya wiki mbili jiulize kwa dhati kama kozi inakusogeza kuelekea ile sentensi yako. Kama haikusogezi, jitoe rasmi, ifute. Kuacha kwa uamuzi ni tofauti kabisa na kupotea kimyakimya, maana anayepotea kimyakimya hubaki na deni kichwani linalomzuia kuanza nyingine.

Hatua ya tano: soma kwa kujiuliza

Video ina ulaghai wake. Mhadhiri hodari akieleza, kila kitu kinaonekana wazi, nawe unadhani uwazi ule ni wako. Simamisha video kila baada ya dakika tano sita, funga skrini, andika ulichokumbuka, kisha ufungue ujisahihishe. Inachosha, na ndiyo maana inafanya kazi. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke mwaka 2006 waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine wakarudia kusoma, wengine wakajaribu kukumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma ndio walioongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojijaribu walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Kwa hiyo usiiamini furaha ya dakika tano.

Kuhusu roboti za mazungumzo za akili bandia: ukiiomba ikufanyie zoezi, umeitupa ile sehemu yenye thamani mara sita. Iombe ikuulize maswali, au ikuonyeshe ulipokosea bila kukupa jibu. Na uhakiki inachokuambia, kwa sababu hukosea kwa kujiamini.

Hatua ya sita: tafuta watu

Kuna kisa kinachopendwa sana katika hadithi za kozi za bure. Mwaka 2012 MIT ilitoa mtandaoni kozi ya saketi na elektroniki. Waliojisajili walikuwa zaidi ya 150,000, waliopata cheti kama 7,000, na waliopata alama zote 340. Mmoja wao alikuwa kijana wa miaka 15 wa Mongolia, ambaye baadaye alipokelewa MIT. Husimuliwa kama kisa cha kipaji kilichofichika kikaibuliwa na intaneti.

Kisichosimuliwa ni kwamba mkuu wa shule yake, mwenyewe mhitimu wa MIT, aliiingiza kozi ile shuleni, na mhandisi kutoka Stanford alisafiri na masanduku ya vifaa akawaendeshea maabara. Kijana alikuwa na kipaji, ndiyo. Alikuwa pia na mwalimu, wenzake na meza yenye nyaya.

Upande wa pili wa shilingi ulionekana mwaka 2013. Chuo Kikuu cha San Jose State, Marekani, kilijaribu kozi za Udacity kwa wanafunzi ambao baadhi yao walikuwa tayari wameshindwa hisabati. Waliofeli walikuwa wengi kuliko wa darasani, na jaribio likasimamishwa miezi michache baadaye. Mwaka huohuo utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania kuhusu wanafunzi wake wa Coursera ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 80 walikuwa tayari wamehitimu chuo. Yaani waliofaidi zaidi ni wale ambao walishajua kusoma peke yao. Kama wewe si mmoja wao, kujaribu peke yako ni kujiumiza.

Kundi la watu watatu au wanne linatosha. Kundi la WhatsApp la watu mia mbili hugeuka kuwa la salamu za asubuhi. Kutaneni mara moja kwa wiki, na kila mara mmoja afundishe somo la wiki hiyo kwa zamu. Zamu ndiyo siri: hutaki kufika siku yako mikono mitupu. Ukikosa wa kusoma naye kozi ileile, mtafute hata mmoja asiyesoma chochote, akubali tu kukuuliza kila Ijumaa, "Umefika wapi?"

Hatua ya saba: cheti, na lini utoe pesa

Cheti cha kumaliza kozi kinathibitisha kwamba ulimaliza kozi. Si shahada, na hakina uzito mpaka anayekisoma aamue kukipa. Unapoambiwa chuo fulani kinatoa shahada mtandaoni, swali la kwanza liwe ithibati: nani ameitoa, na je, inatambulika unakotaka kuitumia? Kipo chuo cha mtandaoni cha University of the People, kilichoanzishwa mwaka 2009 na Shai Reshef, ambacho hakitozi ada ya masomo lakini hutoza ada ya maombi na ya tathmini ya kila kozi. "Bila ada" na "bila gharama" si kitu kimoja, piga hesabu yote hadi mwisho.

Vipo vyeti vya bure kweli: Harvard hutoa cha CS50 kwa aliyekamilisha kazi zote, na OpenLearn hutoa hati ya ushiriki. Kwa vya kulipia, mimi hutoa pesa kwa sababu tatu tu: mwajiri amekitaja kwa jina, chuo kimekubali kwa maandishi kukihesabu, au najijua kwamba bila pesa yangu mezani sitamaliza. Kabla ya kulipa, angalia kama jukwaa lina msaada wa kifedha. Fomu yake huuliza kipato chako na sababu zako; jibu kwa ukweli na kwa sentensi zilizokamilika, na uombe mapema kwa sababu majibu huchukua siku.

Mbele ya mwajiri asiye na haja ya cheti maalumu, kazi uliyoifanya husema zaidi. Lile jedwali ulilosafisha na grafu zako tatu, liweke mahali linapoonekana, pamoja na ukurasa mmoja unaoeleza ulivyoamua.

Baada ya kumaliza

Ndani ya wiki moja tumia ulichojifunza kwenye jambo lisilotoka kwenye kozi, hata dogo, kabla hakijayeyuka. Na kama nyenzo zilikuwa na leseni isiyo na ND, lile daftari lako la istilahi na yale maelezo ya dakika mbili tayari ni nusu ya tafsiri. Chagua somo moja, liandike vizuri kwa Kiswahili, mpe mtu mmoja alisome akuonyeshe anapokwama, lirekebishe, kisha uliweke mtandaoni. Chini yake andika jina la mwandishi wa asili, kiungo cha kazi yake, aina ya leseni, na ulichobadilisha.